Kangaga kwenye ukingo wa mikoko

Shikamooni wazee wetu, na habari za asubuhi ndugu zangu wote.

Jani hili lina urefu unaokaribia mita 2, gumu mithili ya ngozi. Ni kangaga la mikokoni, ambalo kitaalamu Linnaeus aliliita Acrostichum aureum mwaka 1753. Tazameni vijani vya kwenye ncha. Juu ni vya kijani kama wenzake. Vigeuzeni, chini ni rangi ya kutu tupu, bila hata upenyo. Sugueni kwa kidole. Vumbi linalobaki kidoleni ni spora, maana kangaga halina ua wala mbegu.

Spora hupeperushwa na upepo. Ikiangukia tope lenye unyevu huota kitu bapa cha kijani, kidogo kuliko ukucha. Hapo ndipo chembe ya kiume huogelea kwenye utando wa maji kulifuata yai, na yai likirutubishwa kangaga lenyewe huchipua. Hatua hii changa ndiyo dhaifu mbele ya chumvi. Likishakomaa, kangaga huvumilia maji ya bahari, lakini utotoni linahitaji maji yasiyo na chumvi, kama yale ya masika yanayolainisha tope kuanzia Machi hadi Mei. Ndiyo sababu mnalikuta upande wa nchi kavu, mahali panapofikiwa na bahari wakati wa bamvua tu, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Hapo lina kazi yake: mizizi yake hushika udongo wa ukingo. Hapo msiliguse.

Shida huanza mikoko inapokatwa. Chini ya kivuli makangaga huwa machache, yametawanyika. Jua likiingia, yanafungamana kuwa kichaka. Kaskazini mwa delta ya Rufiji yameshika mashamba ya mpunga yaliyoachwa baada ya mikoko kufyekwa. Mche wa mkoko ukielea na maji unanaswa na majani, haufiki topeni. Ukifika, unakuta giza.

Wengi hufyeka mara moja tu bila kurudia, wengine huchoma moto. Vyote viwili haviui, kwa sababu shina nene limelala ndani ya tope bichi. Moto unakula majani makavu, na baada ya wiki chache machipukizi mapya, mekundu na laini, yanatoka palepale.

Kwa hiyo mkitaka kurudisha mikoko, msianze na panga. Kwanza waoneni maafisa wa misitu, kwani mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi. Pili, tazameni maji ya bamvua yanaingiaje. Kama tuta au barabara imeyazuia, maji ya mvua yatatuama, chumvi itapungua, na kangaga litarudi kila mwaka hata mngefyeka vipi. Fungueni mfereji kabla ya kupanda chochote. Kwa maoni yetu, hapa ndipo miradi mingi ya upandaji inapofia.

Maji yakishapita, fyekeni duara la mita 1 kwa kila mche, majani yakatwe usawa wa tope, kisha shina ling'olewe kwa sururu na kutupwa pakavu.

Halafu chagueni mti. Miti ya mikokoni ni ya aina nyingi, na kosa kubwa ni kupanda ile inayoitwa mkoko wenyewe (Rhizophora) kila mahali eti kwa sababu miche yake mirefu inaokoteka kirahisi. Mkoko unataka tope linalofunikwa na maji mara kwa mara, kandokando ya vijito. Huku juu unakauka. Pandeni aina nyingine, mkandaa (Ceriops) au msinzi (Bruguiera), ambayo pia huvumilia kivuli. Mche wa mkandaa umekomaa ukiona shingo ya njano chini ya tunda. Wa msinzi huanguka na kofia yake. Chomekeni theluthi moja ya urefu, ncha iliyochongoka ikiwa chini, na msiupige kwa kitu kizito, maana ncha ikipondeka mizizi haitoki.

Baada ya hapo rudini kila wiki 4 kufyeka machipukizi, mpaka miche iyapite makangaga kwa kimo.