Holambra kwa Siku Moja: Mji Uliofuata Ng'ombe Ukaangukia Maua

(Mazungumzo mbele ya waongoza watalii na wanafunzi wa utalii, Naivasha)

Mabibi na mabwana, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie ziara za siku moja, na najua wengi wenu mmekuja mkitegemea nianze na hifadhi ya Hell's Gate au na ziwa hili hapa. Nitawapeleka mbali: Brazil, jimbo la São Paulo, kwenye mji mdogo unaoitwa Holambra. Ni mji wa maua kama huu, na Waholanzi wana mkono wao pale kama walivyo nao hapa. Tofauti ni kwamba wale wanakula kwa maua mara mbili: wanayauza, halafu wanawatoza watu kuja kuyatazama. Sisi tunayauza tu. Mgeni wetu anapita na gari akienda kumwona kiboko, na mapaa ya vitalu nyumba anayaona kupitia dirishani, akiuliza "ile ni nini?" Wengine wenu mnajibu "mashamba ya maua" na safari inaendelea. Msikatae, nimepanda magari yenu.

Basi nilikwenda Holambra kama mtalii wa kawaida, kwa basi dogo la kukodi kutoka jiji la São Paulo. Ni mwendo wa kama saa mbili, kilomita zipatazo 130, mnapita Campinas halafu mnaacha barabara kubwa. Mji wenyewe una watu wapatao 15,000. Jina lake limeungwa kutokana na Holanda, América na Brasil.

Sasa sikilizeni historia yake, maana ndiyo mwongozaji wetu alianza nayo kabla hatujashuka garini, na alifanya vyema.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uholanzi ilikuwa imeharibiwa, ardhi haitoshi, na mkulima mwenye watoto wanane wa kiume hakuwa na pa kuwagawia. Serikali yenyewe ikawa inawahimiza watu wahame. Chama cha wakulima Wakatoliki kikatafuta nchi itakayowapokea kwa kundi, wakae pamoja, wawe na ushirika wao na kanisa lao. Nchi nyingi zilitaka familia moja moja, zitawanyike. Brazil ikakubali kundi. Mwaka 1948 wakapata shamba lililoitwa Fazenda Ribeirão, hekta kama 5,000, ambalo awali lilikuwa la kampuni ya nyama ya Armour kutoka Marekani. Kiongozi wao aliitwa Geert Heymeijer.

Hawakwenda kulima maua. Hilo naomba mlishike. Walikwenda kufuga. Walisafirisha ng'ombe wa maziwa kutoka kwao, wale weusi kwa weupe tunaowaita friziani, wakawavusha bahari nzima. Ng'ombe wale wakakutana na magonjwa ya nchi za joto na wengi wakafa. Hapa hakuna haja ya kumweleza mtu hadithi hiyo. Yeyote aliyewahi kununua friziani wa daraja la kwanza akampeleka kijijini kwenye kupe anajua mwisho wake. Udongo nao ulikuwa umechoka. Familia kadhaa zikakata tamaa, zikahamia sehemu nyingine za Brazil. Waliobaki wakajaribu hiki na kile, na katika miaka ya 1950 baadhi yao wakaanza kupanda maua ya gladiola, kidogo kidogo. Gladiola ikawakubali. Maua yakapanda daraja, kutoka kitu cha pembeni hadi biashara ya mji.

Mahali pa kwanza tuliposhushwa ni kwenye makumbusho. Pale pana nyumba iliyojengwa upya kama walizokaa wahamiaji wa mwanzo. Ni nyumba ya fito na udongo, ndugu zangu. Fito zimefungwa, udongo umekandikwa, kama za kwetu kabisa. Katika kundi letu walikuwamo Wabrazil wa mjini waliokuja kuona Ulaya ndogo, vinu na viatu vya mbao, na jambo la kwanza wanaloonyeshwa ni Mholanzi ndani ya nyumba ya udongo. Nyuso zao zilibadilika. Mwongozaji hakusema neno kwa muda. Aliwaacha waguse ukuta, wachungulie kitanda, wajiulize. Ningekuwa mimi pengine ningeshaanza kusoma tarehe.

Baada ya hapo ndipo alipotufanyia mnada. Nataka niukae kidogo mnada huu, kwa sababu ndio uliokuwa kilele cha siku nzima, na haukumgharimu chochote zaidi ya pakiti moja ya biskuti.

Tukarudi garini. Akasimama mbele, akainua pakiti ya stroopwafel, zile biskuti za Kiholanzi zilizopakwa sharubati nzito ya sukari katikati. Akasema: bei inaanza reali 40, nitahesabu kushuka, atakayesema "langu" kwanza ndiye mnunuzi, na bei ni ile niliyofikia. Halafu akaanza. Arobaini. Thelathini na nane. Thelathini na sita. Gari zima kimya, watu wanacheka kwa pua. Thelathini. Ishirini na nane. Unaona watu wanavyoanza kutazamana, kila mmoja anataka ishuke zaidi, na kila mmoja anaogopa mwenzake atawahi. Kwenye ishirini na mbili mama mmoja aliyekaa nyuma akashindwa kuvumilia, akapiga kelele. Akalipa, akapewa biskuti zake. Dakika kumi baadaye tukapita dukani, pakiti ile ile inauzwa chini ya hapo. Mama akacheka mwenyewe, akatugawia.

Huo ndio mnada wa saa wa Kiholanzi. Minada yetu tumezoea bei inapanda: dalali anataja, wewe unaongeza, mwingine anaongeza. Wao wanaigeuza. Bei inaanza juu, mshale wa saa kubwa inayoonyesha bei unashuka haraka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mwenye mzigo. Hakuna kubishana, hakuna duru ya pili, na kwa bidhaa inayonyauka hiyo ni faida kubwa, kwani shehena moja huuzwa kwa sekunde chache tu. Mtindo huu wa kuuzia mazao ulianzia mwaka 1887 katika kijiji cha Broek op Langedijk, kaskazini mwa Uholanzi, na kilichouzwa siku ile kilikuwa koliflawa, wala si ua. Baadaye maua yakaufuata. Mawaridi ya hapa Naivasha yanayopelekwa mnadani Aalsmeer, Uholanzi, huuzwa kwa saa hiyo hiyo, na siku hizi wanunuzi wengi hata hawakai ukumbini, wanabonyeza wakiwa mbele ya kompyuta kwao.

Holambra walianzisha mnada wao mwaka 1989. Unaitwa Veiling, yaani "mnada" kwa Kiholanzi, jina walilokuja nalo, na ni mali ya ushirika wa wakulima wenyewe. Kwa maoni yangu huu ndio urithi wa Kiholanzi hasa pale. Soko lenyewe la sasa liko nje kidogo ya mpaka wa mji, na mtalii wa kawaida anaweza kupiga picha siku nzima bila kujua lipo. Mwongozaji asiyetaja mnada atakuonyesha mavazi ya nje tu.

Kuna jambo jingine alilolieleza vizuri nalo linatuhusu. Maua ya Holambra, kwa sehemu kubwa sana, yanauzwa humo humo Brazil. Kalenda yao ni ya watu wao. Siku ya Akina Mama, Jumapili ya pili ya Mei, ndiyo inayowakimbiza kuliko zote. Siku ya wapendanao kule haiadhimishwi Februari, ni tarehe 12 Juni, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, ambaye Wabrazil wanamwona ndiye msimamizi wa ndoa. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, watu wanabeba krisanthemu kwenda makaburini. Sisi tunakata maua kwa kalenda ya watu wengine, na mwezi wa Aprili 2010, volkano ya Iceland ilipofunga anga ya Ulaya, mnakumbuka wenyewe mawaridi yalivyotupwa hapa. Lakini soko la nyumbani nalo si ngao ya kila kitu: mwaka 2020, harusi zilipofutwa na maduka ya maua yakafungwa kwa sababu ya korona, Holambra nao walitupa maua.

Tukaenda kwenye kitalu nyumba. Watalii wengi wanategemea mashamba ya wazi, rangi mpaka upeo wa macho. Mashamba ya namna hiyo yapo, na mengine yanapandwa kwa ajili ya wageni hasa, watu waje wapige picha katikati ya alizeti. Lakini biashara iko chini ya paa. Tuliingia kwenye okidi za vyunguni. Binti mmoja alikuwa amesimama mbele ya meza ndefu, ana kibanio kidogo cha plastiki mkononi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Anachukua bua la ua, analiegemeza kwenye kijiti, anabana. Bua linapinda likawa upinde. Anahamia chungu kingine. Bila kibanio kile bua lingelala, na okidi iliyolala hainunuliwi. Mmea ule umekaa zaidi ya mwaka tangu ukiwa mche, ukahamishiwa kwenye chumba cha baridi kidogo ili ushawishike kutoa ua. Tulipotoka hapo, watu walionunua okidi dukani hawakulalamikia bei. Tulipu nazo, zile ambazo kila mtu anazitarajia kwa Waholanzi, hali ya hewa ya pale haziiwezi; matunguu yake yanaagizwa kutoka Uholanzi na kuoteshwa kwenye vyumba vyenye ubaridi wa mashine.

Yule binti wala hakuwa wa ukoo wa Kiholanzi. Wakazi wengi wa Holambra leo si wa asili hiyo. Wametoka majimbo mengine ya Brazil kufuata kazi, kama watu walivyokuja Naivasha kutoka kila kona ya Kenya. Mwongozaji alilitaja hilo kwa sentensi moja akaendelea. Hapo nilimkatia alama. Mikono inayofanya kazi ndiyo hiyo, nayo ilistahili zaidi ya sentensi moja.

Kinu cha upepo kikaja mwisho, mchana umeshaiva. Kinaitwa Moinho Povos Unidos, kina urefu wa mita 38 na nusu, nacho kilizinduliwa mwaka 2008, miaka 60 baada ya wahamiaji kufika. Ni kizuri. Kinasaga nafaka kweli, unapanda ngazi ndani ukaona mawe yakizunguka. Lakini hakuna mhamiaji wa 1948 aliyesaga unga wake humo. Hali kadhalika zile nyumba za katikati ya mji zenye vipaa vya ngazi ngazi na rangi kama za peremende: nyingi zimevalishwa sura hiyo kwa ajili ya mgeni. Mimi sina ugomvi na hilo, mradi mwongozaji aseme. Wetu alisema, tena akicheka, na watu wakapiga picha zao kwa furaha ile ile.

Kuhusu Expoflora, maonyesho ya maua ya mji huo, nitapita haraka. Yalianza 1981, hufanyika kuanzia mwishoni mwa Agosti kuingia Septemba, majira ya kuchipua kwao, na yanavuta mamia ya maelfu ya watu. Kuna ngoma za Kiholanzi, gwaride, na jioni mvua ya petali inayomwagwa juu ya umati. Ukitaka umati, nenda wakati huo. Ukitaka kuelewa mji, nenda siku ya kazi nje ya msimu.

Sasa, Naivasha. Swali mtakaloniuliza nalijua: mashamba hayataturuhusu. Mengine hayatawaruhusu, ni kweli, na yana haki. Kitalu kilichopuliziwa dawa hakiingiwi mpaka saa zilizopangwa zipite. Kuna kukanyaga dawa mlangoni ili usiingize magonjwa. Kuna wafanyakazi ambao hawakuomba kupigwa picha wakiwa kazini, na ruhusa yao iombwe kabla ya kamera kutoka mfukoni. Kwa hiyo msiende na basi la watu hamsini. Nendeni na kundi dogo, shamba moja mliloelewana nalo, saa moja na nusu, banda la kupangia na kufungia maua liwe ndio kituo kikuu. Pale mgeni anaona waridi likipimwa urefu wa shina, likifungwa, likiingizwa kwenye chumba cha baridi, na unaweza kumwambia kwamba kesho kutwa ua hili linaweza kuwa Ulaya. Mnada mfanyieni garini, kwa shada moja mlilonunua. Anzeni shilingi elfu moja, mshuke.

Na msiombe nafasi mwezi wa Januari au wiki za mwanzo wa Februari. Kabla ya Valentine meneja hana hata muda wa kula. Ombeni Julai na Agosti. Ulaya ni kiangazi, watu wana maua kwenye bustani zao, oda zinapungua, shamba linapumua; na miezi hiyo hiyo ndiyo mnayopokea wageni wengi zaidi wa safari. Karibuni kwa maswali.