Mnaniuliza Nachimba Nini Kwenye Baridi Hii

Habari zenu ndugu zangu. Leo najibu swali moja tu, maana linakuja kila nikiweka video: "Majani yote yanapukutika, wewe unachimba nini tena?" Na wapo wanaosema najionyesha nina uwanja. Jamani, uwanja si wangu, nimepanga. Kibustani chenyewe ni hatua nne kwa sita. Silimi kwa sifa, mboga za kununua zinamaliza hela.

Mkataba wangu wa nyumba unasema hakuna kuchimba bila kibali cha maandishi. Niliomba mapema, joto halijaanza. Nikaambiwa fomu niliyojaza siyo yenyewe. Nikajaza nyingine, wakataka picha, halafu wakataka amana ya kurudishia nyasi siku nikihama. Kibali kinafika, joto limekwisha. Watu wanachuma nyanya, mimi nimeshika karatasi! Liliniuma sana, na linaniuma mpaka leo, kwa sababu mbegu nilishazinunua. Silalamiki kwamba huku ni kubaya, msije mkanisemea hivyo. Nasema yaliyonikuta.

Ndiyo nikajifunza kwamba kuna vitu vinautaka huu msimu. Subirini nisogeze kamera. Mnaiona hii? Punje ya kitunguu saumu. Usiimenye. Kitako chini, ncha juu, shimo la kama sentimita 5, punje na punje ziachane sentimita 15. Naifukia wiki chache kabla ardhi haijaganda, itoe mizizi kwanza, kisha ipigwe na baridi. Baridi hiyo ndiyo inayokifanya kitunguu kijigawe. Ukingoja joto lirudi ndipo upande, unaweza kuvuna donge moja tu lisilo na punje. Mavuno yake ni kiangazi kijacho, kwa hiyo kama huna subira, hiki si chako.

Sukuma wiki niliikuza kwenye ndoo wakati nasubiri kibali, nikaihamishia hapa. Jalidi ya alfajiri, ile barafu nyembamba inayotanda juu ya majani, haiiui. Inageuza wanga wake kuwa sukari ili isigande, na ukiionja utamu unausikia kabisa. Mrehani ndio ulinitoa machozi. Nilisahau kuuingiza ndani usiku mmoja tu. Asubuhi majani meusi, ukiyagusa yanateleza vidoleni. Mnanaa utanyauka juu, lakini mizizi inabaki hai chini.

Msiniige tu kwa kuwa mmeniona. Huu ni udongo wangu na baridi ya hapa nilipo. Wewe soma mkataba wako kwanza, ulizia jalidi ya kwanza hapo ulipo huwa inaanguka lini, ndiyo uhesabu kurudi nyuma.

Na haya majani makavu mnayosema ni uchafu sifagii. Nayatandaza juu ya saumu, yazuie ardhi isigande na kuyeyuka kila siku na kuzisukuma punje juu. Kibali nimekihifadhi kabatini pamoja na risiti ya amana. Wakija kuuliza, vyote vipo.