Daftari la Chombo na Mkataba wa Mafuta

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wavuvi na vijana, Lamu mjini)

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu na vijana. Nimeombwa nizungumzie uchumi wa mafuta ya petroli: yanavyotafutwa, yanavyouzwa, na nani hupata nini. Nitaanzia mahali kila mmoja hapa anapopajua, kwenye daftari la chombo.

Marehemu baba alikuwa baharia wa mashua huko Faza. Samaki wakishauzwa, nahodha hufungua daftari. Kwanza hutolewa gharama: petroli, barafu, mchele wa safari, nyuzi za nyavu. Kinachobaki hugawanywa, fungu la chombo, kisha mafungu ya mabaharia. Siku moja walivua vizuri sana, lakini baba akapewa pesa za unga tu. Mimi nilikuwa darasa la sita, nimesimama nyuma ya nahodha. Nikaona barafu imeandikwa mara mbili, juu kwa wino wa buluu, chini kwa wino mweusi. Baba hakujua kusoma. Nilipomwambia usiku, alinyamaza kitambo, kisha akaniambia: soma, mwanangu.

Mkataba wa kugawana mafuta ni daftari lilelile. Kampuni huleta mtaji, hutafuta, huchimba. Isipopata kitu, hasara ni yake. Pwani yetu tumeliona hilo: kisima cha Mbawa cha mwaka 2012 kilikuta gesi isiyotosha biashara, na cha Mlima, kilichochimbwa mwishoni mwa 2021 kuingia 2022, hakikuleta mafuta ya kuuza. Visima vya bahari kuu ni ghali mno, kwa hiyo anayethubutu hudai masharti mazuri kabla hajaweka mguu, na nchi isiyo na mtaji hukubali. Mafuta yakipatikana, kampuni hujilipa gharama zake kwanza, hadi kiwango kilichoandikwa mkatabani. Yanayobaki ndiyo hugawanywa kati yake na serikali.

Hebu tupige hesabu, na hizi ni namba za mfano tu. Pipa moja, yaani lita 159, limeuzwa dola 60. Gharama zimechukua 36. Zimebaki 24, serikali na kampuni wanagawana nusu kwa nusu, serikali inapata 12. Sheria ya Petroli ya Kenya ya mwaka 2019 inasema katika fungu la serikali, kaunti yenye mafuta ipate asilimia 20 na jamii ya pale asilimia 5. Kwa hiyo kaunti ina dola 2 na senti 40, na jamii ina senti 60. Senti 60, katika dola 60! Sasa gharama zikiandikwa 30 badala ya 36, jamii inapata senti 75. Hakuna aliyebadilisha sheria wala asilimia. Kilichobadilika ni barafu tu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami naongeza kwamba hata daftari likiwepo, lazima awepo wa kulisoma. Ukaguzi wa gharama una uzito kuliko asilimia tunazogombania kwenye magazeti.

Tena kuna wakati. Mafuta ya Turkana yaligunduliwa Machi 2012 kwenye kisima cha Ngamia-1. Mwezi uleule, tarehe 2, marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia walikuja hapa kwetu kuzindua mradi wa LAPSSET, yaani bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na nchi hizo, na bomba kutoka Lokichar, huko Turkana kwenye mafuta, hadi Lamu likawa ndani ya ramani. Vijana wengi waliacha bahari wakingojea kazi. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100, Januari 2016 likashuka chini ya 30. Mafuta yenyewe yana nta, yakipoa huganda, kwa hiyo bomba lake lazima lipashwe moto, na hiyo ni gharama nyingine daftarini. Shehena ya kwanza ilikwenda kwa malori hadi Mombasa ikasafirishwa Agosti 2019: mapipa 200,000, dola milioni 12. Mwaka 2025 Tullow, kampuni iliyoyagundua mafuta hayo, iliuza mali zake za Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy. Miaka 13, na bomba halijachimbiwa hata mtaro.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Zile asilimia 20 na 5 ni za mahali mafuta yanapotoka ardhini. Lamu haina kisima chenye mafuta ya kuuza. Lamu ni mlango. Bomba likifika Manda, kwenye bandari, mgao huo hautatuhusu, lakini likivuja ni mikoko yetu, na hapa kuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Nguvu tuliyo nayo ni nyingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu bandari iliharibu maeneo yao ya uvuvi. Mwaka 2019 leseni ya mazingira ya kiwanda cha umeme wa makaa ikafutwa. Watu wa hapa ndio waliokwenda na karatasi mkononi.

Kwa hiyo bomba likitajwa tena barazani, swali la ajira lisiwe la kwanza, kwani kujenga ni miaka miwili mitatu na kulinda ni walinzi wachache. Ulizeni kila pipa linalopita hapa litalipa ada gani, iingie mfuko gani. Ulizeni pesa za kusafisha bahari zitawekwa wapi kabla meli ya kwanza haijafunga gati. Na daftari la gharama, nani anakaa nyuma ya nahodha?

Mzee wa Kizingitini amenyoosha mkono tangu nilipotaja barafu. Karibu, mzee wangu, anza wewe.