Yupo Yupo Tu Nyumbani

MPWA: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, baba. Wasikilizaji, karibuni. Leo huyu simwachi. Jumamosi nilikuwa kwake, rafiki yake akauliza mkewe anafanya kazi gani. Ulimjibu nini?

MPWA: Aa, shangazi, hadi hewani?

SHANGAZI: Hadi hewani. Sema.

MPWA: Nilisema hafanyi kazi, yupo yupo tu nyumbani. Utani, jamani!

SHANGAZI: Naye alikuwa mlangoni na sinia la chapati. Ulimwona alivyoliweka? Taratibu, kama anayetua mayai. Akarudi jikoni, hakutoka tena hadi wageni wanaaga. Na Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri ni mimi niliyemsikia akipepea jiko. Wewe ulikuwa unakoroma.

MPWA: Lakini mimi nampenda. Nimempokea alivyo.

SHANGAZI: Umempokea alivyo, halafu mbele ya watu unamwombea radhi?

MPWA: (kimya) Hiyo imeingia.

SHANGAZI: Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ilisikiliza shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ikasema kupika, kufua na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa.

MPWA: Kwa hiyo Bi Hawa alishinda.

SHANGAZI: Wapi! Hoja ilikubaliwa, yeye akatoka mikono mitupu. Mumewe alikuwa amempa pesa za kuanzisha biashara, akazitapanya. Waliofaidi ni wanawake waliokuja nyuma yake. Ila angalia: hesabu hiyo inapigwa ndoa ikiwa imeshavunjika. Na wewe unangoja hakimu ndiye amwambie mkeo kuwa anafanya kazi?

MPWA: Sasa shangazi, hilo la kupokeana bila masharti, si ndilo linalowafanya watu wavumilie hadi vipigo?

SHANGAZI: Thubutu! Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66: mume wala mke hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, mila iseme isemavyo. Mjomba wako, miaka 31 sasa, anaacha kikombe cha chai nusu dirishani. Kila siku! Nimeshamzoea, ndivyo alivyo, nakiondoa naosha. Lakini mwaka wa pili aliniita "we mwanamke" mbele ya mama yake. Usiku nikamwambia: baba, kikombe nitaosha, hilo silimezi. Hakurudia.

MPWA: Hukumnunia?

SHANGAZI: Siku mbili. Mimi si malaika.

MPWA: Ngoja, simu... ni yeye anapiga.

SHANGAZI: Pokea. Mwambie uko kazini, na umuulize na yeye kazi inaendaje.

MPWA: Atajua umenituma.

SHANGAZI: Ajue. Pokea, baba, inakatika hiyo.