Hesabu Kabla ya Sauti: Mhadhara kuhusu Kazi na Biashara ya Mnadi

Mabibi na mabwana, karibuni. Tuanze na saa ya ukutani. Fungu, yaani kitu au vitu vinavyonadiwa pamoja, likiwa la bidhaa za kawaida za nyumbani huuzwa kwa sekunde 30 hadi 45. Mnadi mzoefu hupitisha mafungu 80 hadi 120 kwa saa. Kwenye sanaa na vito, ambako watu husitasita, hushuka hadi 60 au pungufu. Kwa hiyo mnada wa mafungu 300 ni saa tatu hivi za kusema. Kuuandaa vizuri ni wiki nne, tano, pengine sita. Anayeingia kazi hii kwa sababu ana mdomo mwepesi huziona zile saa tatu, lakini hasara yake humkuta kwenye zile wiki.

Basi leo sauti itasubiri kidogo. Tutaanza na hesabu.

Kwanza mjue mnamtumikia nani. Mnadi ni wakala wa mwenye mali. Huyo ndiye aliyemwajiri na ndiye anayepaswa kupatiwa bei bora. Lakini mwenye mali huja mara moja, pengine mara moja maishani, kwa sababu ya mirathi, kufilisika au kuhama. Wanunuzi ndio wanaorudi kila mwezi. Ukimpendelea mmoja kwa kumdanganya mwingine utapata faida ya siku moja, kisha ukumbi utaanza kupungua watu.

Njia ya kuifikia meza ya nyundo ni ndefu, na afadhali iwe hivyo. Wengi walioifanya kazi hii vizuri walianza kwa kubeba mizigo na kupanga mafungu, wakawa makarani, wakakaa ukumbini kutazama mikono, wakaandika maelezo ya bidhaa, ndipo wakapewa kunadi mafungu 20 ya mwisho, saa ambayo ukumbi umeshaanza kuondoka. Aliyebeba makabati anajua lipi limeliwa na mchwa. Minada ya hisani nayo ni shule nzuri: huwa na vitu 8 hadi 15, watu wamekuja na moyo wa kutoa, na ukiteleza unasamehewa. Usidanganyike nayo, hata hivyo. Kule watu huweza kutoa zaidi ya thamani ya kitu. Kwenye biashara hakuna wa kukupa zawadi hiyo.

Leseni, bima na dhamana hutofautiana kati ya nchi na nchi, na mara nyingine kati ya aina ya mali na nyingine: ardhi, magari, mifugo na mali zilizokamatwa kwa amri ya mahakama kwa kawaida zina kanuni zake. Ulizeni kabla ya kuchapisha tangazo la kwanza.

Mali inapoletwa, swali la kwanza ni hili: ni ya nani? Mwaka 193 walinzi wa kaisari wa Roma walimuua bwana wao, kisha wakanadi kiti chake cha enzi. Didius Julianus alishinda kwa kuahidi kila mlinzi sesterti 25,000, sarafu ya Roma. Alitawala siku 66, akauawa. Waliouza hawakuwa na haki ya kuuza, na aliyenunua ndiye aliyelipia kosa hilo. Kwenye biashara ya leo hakuna anayekatwa kichwa, ila mwenye mali halisi atakuja kuidai, mnunuzi atadai fedha zake, na wewe utakuwa katikati. Chukua nakala ya kitambulisho, ushahidi wa umiliki kwa kila kitu chenye thamani kubwa, na tamko lililosainiwa kwamba mali haina deni wala kesi. Kwenye mirathi, usipokee hata kijiko mpaka uione barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Ndugu wanne wanaopatana leo hawapatani siku fedha zikifika.

Mkataba na mwenye mali uandikwe kabla gari halijashusha mzigo. Utaje kamisheni, gharama za usafiri, picha na ghala, kima cha chini cha kila fungu (bei ambayo chini yake haliuzwi), nani anabeba hasara moto ukizuka, siku ngapi baada ya mnada analipwa, na nini kitatokea kwa kisichouzwa. Kipengele hiki cha mwisho ndicho husahauliwa, na ndicho hujaza ghala makochi yasiyo na mwenyewe.

Sasa mapato. Zamani mnadi alikula upande mmoja tu, wa muuzaji. Mwaka 1975 nyumba za minada za Christie's na Sotheby's za London zilianza kumtoza mnunuzi pia, na desturi hiyo ikaenea. Tuseme nyundo imegonga, yaani mauzo yamefungwa, kwenye 1,000, kamisheni ya muuzaji ni asilimia 15 na ada ya mnunuzi ni asilimia 10. Mnunuzi analipa 1,100, mwenye mali anapokea 850, ofisi inabaki na 250. Inavutia. Lakini chukua fungu lililouzwa 60 kwa viwango hivyohivyo: umepata 15. Kulipokea, kulipiga picha, kuliandika, kulihifadhi na kulikabidhi kumekugharimu, tuseme, 20. Umeuza, watu wamepiga makofi, na umepata hasara ya 5. Mnadi asiyejua gharama yake kwa kila fungu anaweza kufanya kazi mwaka mzima akijifilisi kwa bidii.

Dawa zake zinajulikana. Weka tozo ya chini kabisa kwa kila fungu. Changanya vitu vidogo katika fungu moja: masufuria sita, sanduku la vifaa vya fundi, rundo la vitabu. Na ujifunze kukataa mali. Hilo la mwisho ni gumu kwa anayeanza, maana kila anayepiga simu anaonekana mteja. Bora mafungu 150 yenye maana kuliko 400 ya kujazia meza.

Kwenye makadirio ya bei, tamaa ya mwenye mali hukutana na woga wako wa kumpoteza. Anataka kusikia namba kubwa, unampa, anasaini. Siku ya mnada wanunuzi wanaliona kadirio, wanaona limepanda, hawanyooshi mkono. Fungu linabaki, na likirudi mnada ujao kila mtu anakumbuka kwamba lilikataliwa. Toa kadirio la pande mbili, mfano 800 hadi 1,200, na kima cha chini kisizidi ile 800. Kadirio la chini kidogo huwaita watu wawili ukumbini, na watu wawili ndio wanaotengeneza bei. Wahenga wanasema kizuri chajiuza. Kwenye mnada methali hiyo ni nusu kweli, kwa sababu kizuri chenye mtaka mmoja huondoka kwa bei ya kutupa.

Maelezo ya fungu yawe makavu: vipimo, kilichofanyiwa matengenezo, ufa uko wapi, kipande gani hakipo, kama mashine imejaribiwa au la. “Inauzwa kama ilivyo” humsaidia mnadi pale tu mnunuzi alipopewa nafasi ya kukagua, siku moja hadi tatu kabla. Haifuti uongo ulioandikwa. Usiandike “dhahabu” ikiwa hujapima; andika “rangi ya dhahabu”.

Mpangilio nao una akili yake. Mafungu kumi ya kwanza yawe ya bei nafuu na yenye uhakika wa kuuzika, ili mikono izoee kuinuka. Vitu vya thamani anza kuvitoa kuanzia fungu la 20 au 30, wachelewaji wakiwa wamefika, kisha vitawanye. Ukiviweka vyote mwanzoni, ukumbi utabaki na wewe na karani.

Sasa chukueni kalamu, maana hapa wengi hujikwaa. Hatua za kupandisha dau ziwe takriban kati ya asilimia 5 na 10 ya bei iliyopo: kuanzia 100 panda kwa 10, kuanzia 200 kwa 20, kuanzia 500 kwa 50, kuanzia 1,000 kwa 100. Sasa tuseme fungu lina kima cha chini cha 1,000, umeamua hatua ya 100 tangu mwanzo, na ukumbini yuko mtaka mmoja tu. Pale sheria na masharti yaliyotangazwa yanaporuhusu, mnadi anaweza kutia dau kwa niaba ya mwenye mali, mradi abaki chini ya kima hicho. Anza na 500 kwa mwenye mali. Ukumbi 600, wewe 700, ukumbi 800, wewe 900, ukumbi 1,000. Kima kimefikiwa na dau liko kwa mnunuzi wa kweli. Gonga.

Rudia, safari hii uanze na 600. Ukumbi 700, wewe 800, ukumbi 900. Zamu inayofuata ni yako, nayo ni 1,000, ambayo huruhusiwi kuigusa. Umekwama hatua moja kabla ya mlango. Utajinasua kwa nusu hatua, 950 kwako na 1,000 kwa ukumbi, lakini mnunuzi makini ataona umeyumba. Kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo, hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye kima cha chini, ujue ni namba zipi zako na zipi za ukumbi. Ziandike pembeni mwa kitabu chako kwa kila fungu.

Madau yaliyoachwa kwa maandishi na wasiokuja ukumbini hufuata mantiki hiyohiyo. Una mawili mezani, la 1,500 na la 2,000, na yote yamepita kima cha chini. Fungua kwa 1,600 kwa niaba ya yule wa 2,000. Ukumbi ukinyamaza, amelipata kwa 1,600. Kufungulia kwenye 2,000 kwa sababu “alishakubali” ni wizi, hata kama hatajua. Madau mawili yakilingana, lililofika kwanza linashinda. Ndiyo maana kila karatasi hupigwa saa na tarehe inapopokewa.

Sasa sauti. Pumua kwa tumbo, kunywa maji yasiyo baridi, na jizoeze namba kila siku kwa dakika kumi: panda kwa 10, shuka kwa 10, panda kwa 25, shuka. Anayenadi kwa Kiswahili ana mitego yake. Sita na tisa ni herufi zilezile zilizobadilishana nafasi. Sitini na tisini vilevile. Kwenye kipaza sauti kibovu hazitofautiani. Onyesha namba kwenye ubao au kioo, na usione aibu kusema “kenda”, neno zee lisilochanganywa na lolote. Mtego wa pili: “elfu mia mbili na tano” ni 200,005 au 205,000? Sema “laki mbili na elfu tano” na ugomvi umekwisha. Na ukumbi ukishajua mnazungumzia maelfu, acha kulirudia neno elfu. Kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, mwendo unakuwa mwepesi. Kasi isizidi uwezo wa mgeni kuelewa. Mtu asiyejua dau limefika wapi hanyooshi mkono.

Ukitaja bei ya kuanzia na hakuna anayeitikia, usiibembeleze. Shuka hadi nusu, pata mkono mmoja, uanze kupanda.

Dau si mkataba mpaka nyundo igonge. Mahakama ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1789, katika kesi ya Payne na Cave: aliyetia dau alijiondoa kabla ya nyundo, na akaonekana ana haki. Kwa hiyo usikawize nyundo ukitafuta senti ya mwisho, na ukishagonga taja kwa sauti bei na namba ya kibao anachoinua mnunuzi. Wawili wakidai kila mmoja kwamba dau lilikuwa lake, fungua upya papo hapo, kuanzia kwenye bei ya mzozo, kabla ya fungu linalofuata. Ukiahirisha mpaka mwisho, utakuwa na mashahidi ishirini na hadithi ishirini.

Karani huandika vitu vitatu: fungu, bei, namba ya mnunuzi. Namba moja ikikosewa, mtu anakabidhiwa jokofu la mwenzake. Rekodi sauti ya mnada mzima, na kila mafungu 50 karani na msaidizi walinganishe orodha zao. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa mali yenyewe ni ya watu.

Kuhusu hila, ziko mbili kubwa. Ya kwanza ni dau hewa, mnadi anapokea mkono usiokuwepo au anamweka rafiki kupandisha bei. Nchi nyingi zinaliadhibu, na ukumbi huligundua haraka kuliko polisi. Ya pili ni genge la wachuuzi wanaokubaliana wasishindane, mmoja anunue kwa bei ya chini, kisha wanadiane wenyewe nyuma ya jengo. Huwezi kuwakataza kusalimiana. Unachoweza ni kuweka kima cha chini cha haki, kutangaza kwa upana ili waje wasio wa genge, na kutafuta madau ya maandishi kutoka mbali.

Minada ya mtandaoni ya muda maalumu inahitaji jambo moja la lazima: dau likiingia dakika za mwisho, muda uongezeke dakika mbili hadi tano, la sivyo mshindi ni mwenye intaneti ya kasi.

Tumalizie na fedha. Kila mtu ajiandikishe kwa kitambulisho kabla ya kupewa kibao, na kwa mafungu makubwa aweke amana. Mali isitoke mpaka fedha zionekane kwenye akaunti. Picha ya muamala kwenye simu si malipo. Fedha za mauzo zikae kwenye akaunti ya amana za wateja, mbali na ya mishahara na kodi ya jengo, kwa sababu 850 katika ule mfano wetu hazijawahi kuwa zako hata saa moja. Ofisi nyingi za minada hufa hapa: mauzo ya mwezi huu yanawalipa wenye mali wa mwezi uliopita, mpaka mwezi mmoja mauzo yanapungua. Mnunuzi apewe siku tatu hadi tano kulipa, mwenye mali alipwe kati ya siku 14 na 30, pamoja na karatasi inayoonyesha kila fungu, kila makato, na yale yasiyouzwa yakiwa na tarehe ya mwisho ya kuyachukua.

Nimeleta nakala za orodha ya karani na ya hatua za dau; ziko pale mlangoni. Sasa maswali.