Koki Nne, Ndoo Themanini

Mwenyekiti, wakuu wa shule, mamatroni, walimu wa malezi na wazazi mliofika, habari za asubuhi.

Mada niliyopangiwa kwenye ratiba ni "Mila na Maisha ya Kijamii katika Shule za Bweni za Wasichana". Mada ndefu kama treni ya Kigoma, na dakika nilizopewa ni za daladala. Mlionisikia miaka iliyopita mnajua nitaanzia wapi, na naona huko nyuma mmeshaanza kucheka. Chekeni tu. Naanzia kwenye ndoo.

Kila Januari habari ni ileile. Mtoto wa kidato cha kwanza anaripoti na tranka lake la bati, godoro limefungwa kamba, macho mekundu kwa kulia. Wiki haijaisha, tunasikia njuka, ndio hao wageni wa kidato cha kwanza, wanatumwa, njuka wanaamshwa usiku. Tunaitisha kikao. Dada mkuu anasimamishwa mbele, maadili yanahubiriwa mpaka mate yanakauka. Hakuna anayetoka nje kwenda kuhesabu koki.

Basi tuhesabu hapahapa. Bweni lina wasichana 80 na nje kuna koki 4. Kila mmoja anataka ndoo moja ya lita 20 asubuhi, aoge, apige mswaki, aloweke soksi. Hizo ni ndoo 20 kwa kila koki. Koki ikitoa lita 10 kwa dakika, ndoo inajaa kwa dakika 2 na foleni nzima inaisha kwa dakika 40. Hakuna ugomvi hapo. Lakini koki zetu zote nne zimeungwa kwenye bomba moja la nusu inchi. Ukifungua ya kwanza, ya nne inakohoa. Tuseme kila moja inatoa lita 4 kwa dakika. Ndoo moja dakika 5, foleni dakika 100. Kengele ya kuamka inalia saa 11 alfajiri, saa 12 kamili watu wanatakiwa wawe wameshika mafagio. Katika dakika hizo 60 zitajaa ndoo 48. Wasichana 32 hawana maji. Nadhani hampati tabu kukisia ni wa kidato gani.

Na hao wakubwa wanaopata, wanapataje? Kwa kumwamsha njuka saa 9 usiku akapange ndoo. Foleni ya ndoo ina sheria zake ambazo hazimo kwenye fomu ya kujiunga. Ndoo inasimama badala ya mwenyewe. Ndoo yenye jina inaheshimiwa; isiyo na jina inasukumwa kwa mguu hadi mwisho, na hakuna wa kuitetea. Anayechomekea anatajwa jina kwa sauti mbele ya foleni nzima, ila kama ni wa kidato cha tatu, watu wote ghafla wanaangalia mbinguni. Mzazi anayeandika jina la mwanawe kwa kalamu ya wino ajue sabuni italifuta ndani ya wiki 2. Jina lichomwe kwa msumari wa moto, mara mbili, kwenye mfuniko na kwenye kiwiliwili, kwa sababu mifuniko huhama vitanda kuliko wanafunzi.

Najua kuna mtu hapa ananung'unika: "Mbona sisi tulichota maji na tukawa watu?" Mlichota, ndiyo. Mlikuwa wangapi bwenini? Bweni lililojengwa kwa ajili ya wasichana 40 leo lina 80, dabo deka kwa dabo deka, vitanda vya ghorofa, na koki ni zilezile za mkandarasi wa kwanza. Mila haikuharibika kwa utandawazi. Imeharibika kwa kugawanya.

Tiba yake fundi wa mtaani anaiweza. Ndoo 80 za lita 20 ni lita 1,600, kwa hiyo tangi la lita 2,000 linatosha bweni moja kwa asubuhi moja, likijazwa usiku watu wamelala. Liwekwe juu ya mnara wa mita 2. Bomba la kushuka liwe la inchi moja, na koki ziwe 8. Sasa sikilizeni linavyoharibika. Kwanza, tangi linanunuliwa, hela ya mnara inakwenda kwenye hafla ya kulizindua, tangi linakaa chini. Likikaa chini, maji ya theluthi ya mwisho hayatoki. Pili, koki inafungwa sentimita 30 kutoka sakafuni, na ndoo ya lita 20 ina kimo cha karibu sentimita 40. Haiingii! Mtoto anakinga kwa jagi na kumimina, jagi baada ya jagi, na dakika 2 zinageuka kuwa 6. Fundi hakuleta ndoo siku ya kufunga. Pelekeni ndoo. Tatu, valvu ya kujazia iko mikononi mwa mlinzi, na mlinzi ana usingizi kama binadamu wote.

Shule isiyo na hela ya tangi ihamishe foleni. Maji ya asubuhi yachotwe saa 10 jioni, kabla ya michezo, yafunikwe, yalale chini ya kitanda. Ndoo isiyo na mfuniko isipokelewe siku ya kuripoti, si kwa sababu ya mbu tu, bali maji ya wazi hupungua usiku bila jua kuwaka. Mnanielewa.

Mwenyekiti ananitazama. Nakwenda kwenye mama na mtoto.

Hii ni mila nzuri kuliko zote tulizonazo, na tunaiendesha ovyo. Njuka anapewa "mama" wa bwenini. Wengi mnampangia wa kidato cha pili, kwa kuwa umri wao unakaribiana. Kosa. Wa kidato cha pili alikuwa njuka mpaka Desemba. Ana deni anatafuta wa kumlipa. Wa kidato cha nne mawazo yako kwenye mtihani wa Novemba. Mama ni wa kidato cha tatu: hasira za kutumwa zimepoa na mtihani bado uko mbali. Walale dabo deka moja, mtoto chini, mama juu. Kazi ya mama iandikwe na ibandikwe ukutani: kumwonyesha kutandika, kumfundisha kufua shati jeupe (kola inasuguliwa kwa sabuni ya mche kabla ya kuloweka, na haikai beseni moja na sketi ya rangi), kumpeleka kwa matroni hedhi ikimkuta hana taulo, kumwambia kengele ipi ina maana gani. Wiki 6 zinatosha. Baada ya hapo ni dada kama dada wengine.

Mtajuaje kama mama amegeuka bosi? Msiwaulize. Njuka hatasema, kusema ni unoko, na mnoko hana rafiki bweni zima. Nendeni kwenye kamba za kuanikia Jumamosi saa 5. Mtamkuta mtoto mdogo anaanika. Tazameni viuno vya sketi. Sketi mbili za kiuno chembamba, halafu tatu za kiuno kipana, zote zimebanwa kwa vibanio vya rangi moja, vya mtu mmoja. Hapo hamhitaji shahidi. Ila msimfuate mtoto pale kambani mkamshukuru kwa ushahidi. Ongeeni na mama, faragha, na mtaje sketi tu.

Usiku wa kuwakaribisha njuka. Shule nyingi zimeupiga marufuku, na matokeo yake umehamia vyooni baada ya taa kuzimwa, ambako hakuna mtu mzima na sakafu ni telezi. Urudisheni bwaloni, Jumamosi ya pili ya muhula, saa 1 hadi saa 3 usiku. Nasema ya pili kwa sababu Jumamosi ya kwanza wengine bado wako njiani na wengine bado wanalia. Viranja waimbe kwanza, dada mkuu acheze kwanza, na achekwe. Akishachekwa dada mkuu, njuka anacheka naye, na wimbo wa shule yake ya msingi unamtoka wenyewe. Matroni akae nyuma, karibu na mlango. Akikaa mbele, ni paredi.

Chakula cha trankani sitakigusa sana. Karanga, sukari, visheti, watoto huunda vikundi vya kula pamoja, watu 5 au 6, na asiye na kitu hapati kikundi. Kikundi kiundwe kwa safu ya vitanda, kisiundwe kwa tranka. Kuna mengi zaidi hapo, hasa siku ya wazazi, wengine wanapopelekewa pilau la kuku na mwenzao amekaa darasani anajifanya anasoma. Siku nyingine.

Hili siliruki. Kufuli. Mwaka 1994 Shauritanga kule Rombo, walikufa wasichana zaidi ya 40. Mwaka 2009 Idodi kule Iringa, wasichana 12. Mabweni, usiku, moto. Mkinieleza kwamba mnafunga mlango kwa nje ili watoto wasitoroke, sina utani na nyinyi. Bweni liwe na milango miwili inayofunguka kuelekea nje, dirisha moja kila upande lisiwe na nondo, na ufunguo wa pili ukae ndani, kwenye msumari, mahali ambapo hata njuka wa jana anapajua. Mazoezi ya kutoka yafanywe taa zikiwa zimezimwa, maana mchana kila mtu anauona mlango. Na mshumaa wa kusomea chini ya shuka utaisha siku prepo, masomo ya usiku, itakapokuwa na mwanga wa kutosha, hauishi kwa upekuzi.

Nilikuwa na sehemu nzima juu ya nywele na nyingine juu ya mahafali. Nywele naziacha. Kwenye mahafali nasema moja: kidato cha nne wanapoondoka huwaachia watoto wao ndoo. Zipo ndoo zenye majina matatu, yamechomwa kwa msumari moja chini ya jingine, mawili ya juu yamepigwa mstari. Mkiiona, msiifute.

Chai iko tayari, nimeonyeshwa saa mara mbili. Kikao cha kesho, kila shule ije na idadi ya koki zake. Zinazotoa maji, jamani, si zilizopo kwenye ramani.