Kupitia Taarifa ya Mwenzako

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana mnaosubiri usajili wa uthamini, karibuni.

Nianze na nyumba moja ya Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga. Benki ilinipa taarifa ya mthamini mwenzangu, aliyoikadiria humo thamani ya nyumba hiyo, niipitie kabla mkopo haujatoka. Mwaka uliotangulia mwenzangu huyo alikuwa amezichukua kazi zangu za benki hiyo hiyo kwa kushusha ada. Niliifungua taarifa yake jibu nikiwa nalo tayari. Thamani aliyoweka ilikuwa chini ya nilivyoijua barabara ile, nikaandika: “Ameshusha thamani bila sababu.” Nikatia saini. Nyumba yenyewe sikwenda kuiona.

Wiki iliyofuata nilipita mtaa huo kwa shughuli nyingine, nikapiga hodi. Mama mwenye nyumba akanipitisha ukumbini hadi uani. Ukuta wa nyuma, wa mawe na chokaa, ulikuwa umeliwa na chumvi kutoka chini hadi usawa wa kiuno. Nilipougusa, plasta ilinimomonyokea mkononi kama unga. Vyumba viwili vya uani havikaliki. Nikarudi ofisini, nikafungua viambatisho ambavyo mara ya kwanza sikuvigusa. Picha ya ukuta ule ilikuwamo, na maelezo yake chini. Siku hiyo hiyo niliiandikia benki kuyafuta maoni yangu, kisha nikamfuata mwenzangu kumwomba radhi. Alinipokea kwa chai. Mpaka leo naona haya nikiikumbuka siku ile.

Nalisema hili hapa Tanga kwa kuwa mji wetu mdogo: anayepitia kazi yako leo, kesho mnagombea nafasi moja kwenye orodha ya wathamini wa benki. Sheria Na. 7 ya mwaka 2016 imetupa Bodi ya Usajili wa Wathamini, lakini Bodi haitakuja kukukumbusha ufungue viambatisho.

Kosa na rai ni vitu viwili. Mtu akikosea ukubwa wa kiwanja, au akichanganya thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka, yaani ile ya mwenye kulazimika kuuza upesi, hilo ni kosa. Taja ukurasa, basi. Lakini mimi nikisema milioni 80 naye akasema 74, hapo tumetofautiana rai, na rai huamuliwa na ushahidi wa mauzo. Ushahidi wenyewe tunao haba. Bei ya kwenye mkataba mara nyingi siyo iliyolipwa, maana watu wanakwepa kodi. Bei ya dalali ni ya kuanzia mazungumzo. Halafu yale mauzo machache tuliyoyahakiki wenyewe tunafichana, kila mtu na daftari lake. Hili linaniuma kuliko ugomvi wa ada.

Na kwenye fidia ya wanaotoa ardhi kupisha mradi ni zaidi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa kwetu. Mnazi ukirukwa kwenye jedwali la mali za kufidiwa, au posho ya usumbufu ikikokotolewa vibaya, anayepunjwa ni mzee ambaye hatauona ubishi wetu kwenye karatasi. Taarifa hizo huthibitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, lakini mnazi ule tunauona sisi tuliofika shambani.

Hapo mezani nimeweka taarifa zangu tatu, nimefuta majina na namba za viwanja. Kila kundi lichukue moja. Kila mnachokikosoa kiwe na ukurasa wake na ushahidi wake. Mimi nakaa kule nyuma, nasikiliza.